Fahamu Gharama Halisi ya Kisanduku cha Televisheni cha Intaneti Kabla ya Kununua

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika maduka ya vifaa vya kielektroniki Kariakoo, na zaidi katika makundi ya WhatsApp na kurasa za biashara mtandaoni, kuna kifaa kidogo cheusi kinachonadiwa kwa maneno matamu. Wauzaji hukiita boksi la Android. Kinachomekwa nyuma ya televisheni, kinaunganishwa na intaneti, na kuanzia hapo, kwa mujibu wa tangazo, familia inaagana na malipo ya kila mwezi ya king'amuzi: "lipa mara moja, tazama chaneli zote bure".

Mwananchi anayesoma tangazo hilo hujiuliza swali moja la haki kabisa: je, kifaa hiki kinastahili fedha ninazoombwa? Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu swali hilo. Ieleweke tangu mwanzo kuwa jibu halitegemei sana kisanduku chenyewe. Linategemea intaneti itakayokilisha, na uaminifu wa programu zilizowekwa ndani yake kabla hakijafika dukani.

Kwanza, ni vyema kutofautisha vifaa viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. King'amuzi, au kisimbuzi kama kinavyoitwa katika nyaraka rasmi, hupokea mawimbi ya utangazaji kutoka katika mnara au setelaiti na kuyageuza kuwa picha na sauti. Watanzania wengi walikifahamu kifaa hiki kuanzia tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa kwa kuanzia na Jiji la Dar es Salaam. Kisanduku cha intaneti hakipokei mawimbi hayo. Kazi yake ni kuifanya televisheni ifanye yale ambayo simu janja hufanya: kufungua YouTube, Netflix, programu za vituo vya televisheni na nyinginezo, kwa kutumia data. Intaneti ikikatika au kifurushi kikiisha, kisanduku hakina cha kuonesha. King'amuzi hakijui habari ya kifurushi cha data. Mvua kubwa inaweza kukisumbua, lakini hakihesabu GB.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza haigharimu chochote, nayo ni kuangalia kilichopo nyumbani tayari. Televisheni nyingi zilizonunuliwa katika miaka ya karibuni ni runinga janja, yaani zina uwezo huo huo ndani yake. Mwenye runinga janja inayofanya kazi vizuri hana sababu ya msingi ya kununua kisanduku, isipokuwa kama runinga hiyo imezeeka kiasi kwamba programu zake haziboreshwi tena. Kwa upande mwingine, mwenye televisheni ya chogo anapaswa kujua kuwa visanduku vingi vya sasa hutoa picha kwa njia ya HDMI pekee, tundu ambalo televisheni hizo hazina. Baadhi ya visanduku huja na waya wa AV wenye vichwa vitatu vya rangi nyekundu, nyeupe na njano, na hivyo vitafanya kazi. Lakini kulipia kisanduku cha 4K ili kukichomeka katika televisheni ya chogo ni kununua picha ambayo kioo hakiwezi kuionesha.

Wanaobaki ni wale wenye televisheni bapa ya kawaida yenye tundu la HDMI, isiyo na intaneti. Hao ndio kisanduku kilitengenezewa, na kwao hesabu inayofuata ni ya lazima.

Kampuni ya Netflix inawaeleza wateja wake kuwa kutazama kwa ubora wa kawaida kunaweza kutumia hadi GB 1 kwa saa, ubora wa juu wa HD hadi GB 3 kwa saa, na ubora wa 4K hadi GB 7 kwa saa. Huduma nyingine hutofautiana kidogo, lakini picha ya jumla ni hiyo hiyo. Sasa tuchukue familia inayotazama saa mbili tu kwa siku, labda taarifa ya habari na tamthilia moja baada ya chakula cha jioni. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni saa 60. Kwa ubora wa kawaida familia hiyo itahitaji hadi GB 60. Kwa HD, hadi GB 180. Na kwa 4K, hadi GB 420.

Kila mmoja anajua bei ya kifurushi anachonunua, kwa hiyo hesabu ya mwisho aifanye mwenyewe. Kwa mfano tu, tuseme kisanduku kinauzwa shilingi 120,000 na GB moja inamgharimu mnunuzi shilingi 2,000. GB 60 za ubora wa kawaida ni shilingi 120,000. Yaani kila mwezi familia hiyo itakuwa imenunua kisanduku kingine. Kisanduku kikidumu miaka mitatu, bei yake ikigawanywa kwa miezi 36 ni kama shilingi 3,300 kwa mwezi, ilhali data katika muda huo huo itakuwa imefikia shilingi 4,320,000. Kubishana na muuzaji ili apunguze shilingi 10,000 ni jambo jema, lakini si hapo fedha nyingi zinapokwenda.

Wapo watakaosema kuwa wamekuwa wakitazama video katika simu kwa miaka na vifurushi vyao havijawahi kuliwa namna hiyo. Ni kweli, na sababu ipo. Programu zikiwa katika simu inayotumia mtandao wa simu hubana picha ili kuokoa data. Kwa mpangilio wa kawaida wa Netflix katika simu, GB moja inaweza kutosha takriban saa nne. Kioo ni kidogo na jicho halioni upungufu. Programu hiyo hiyo ikihamia katika televisheni ya inchi 43 hupandisha ubora kadiri kasi ya intaneti inavyoruhusu, bila kumuuliza mtu. Ndiyo maana wengi huunganisha kisanduku na intaneti ya simu siku ya kwanza, na kesho yake asubuhi wanaanza kumtilia shaka mtoto kuwa ndiye aliyemaliza bando.

Kwa wenye intaneti ya nyumbani inayolipiwa kwa mwezi bila kuhesabu GB, iwe ya faiba au ya njia nyingine, hesabu hubadilika kabisa. Gharama ya intaneti tayari ipo kwa ajili ya kazi, masomo na mawasiliano, na kisanduku kinaongeza matumizi bila kuongeza bili. Kwao swali linabaki kuwa la kasi. Picha ya HD inahitaji takriban Mbps 5 zinazofika kwenye kifaa chenyewe, na 4K inahitaji takriban Mbps 15. Inafaa pia kuuliza iwapo kifurushi "kisicho na kikomo" hakipunguziwi kasi baada ya matumizi kufikia kiwango fulani, kwani baadhi ya vifurushi vina sharti hilo katika maandishi madogo. Kisanduku kikiwa mbali na kifaa cha Wi-Fi, kuta mbili za tofali zinaweza kuharibu kila kitu. Chenye tundu la waya wa mtandao kina nafuu.

Kisha kuna suala la maudhui. Kisanduku ni mlango tu, na mlango hauji na haki ya kuingia. Netflix hulipiwa kwa mwezi. Mechi za Ligi Kuu Tanzania Bara zina mwenye haki ya kuzionesha, Azam Media, iliyosaini mkataba wa miaka kumi mwaka 2021. Anayetaka kuzitazama kihalali, iwe kwa king'amuzi au kwa programu ya mtandaoni, hulipa kwa mwenye haki huyo. Mnunuzi anayedhani kuwa kisanduku kitafuta malipo ya mwezi aandike kwanza orodha ya vipindi ambavyo nyumba yake hutazama kweli, kisha aangalie kila kimoja kinapatikana wapi na kwa kiasi gani. Mara nyingi orodha hiyo ni fupi kuliko alivyodhani. Wapenzi wa soka wakumbuke jambo moja zaidi: picha ya intaneti huchelewa, wakati mwingine kwa nusu dakika au zaidi, kuliko ile ya king'amuzi. Jirani atashangilia bao wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Kuhusu sifa za kiufundi, si haja kurefusha. Maandishi makubwa ya "8K" na "GB 128" juu ya boksi la bei ya chini yapokewe kwa tahadhari. Kwa matumizi ya kawaida, kumbukumbu ya GB 2 na hifadhi ya GB 8 au 16 vinatosha, na kisanduku kinachotaja kiasi hicho kwa uaminifu ni bora kuliko kinachotaja mara nne yake kwa uongo. Jambo muhimu zaidi huwa haliandikwi kabisa: iwapo kifaa kimeidhinishwa na wenye huduma. Netflix na huduma nyingine kubwa hutoa picha ya HD na 4K kwa vifaa vyenye kiwango maalumu cha ulinzi wa maudhui. Kisanduku kisicho na kiwango hicho, hata kama kimeandikwa 4K kila upande, kitapewa picha ya ubora wa kawaida tu, au programu haitafunguka kabisa. Mnunuzi atakuwa amelipia 4K na kupata 480p.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tofauti ambayo wauzaji wengi hawaielezi, na pengine baadhi yao hawaijui. Kuna visanduku vinavyotumia mfumo wa Android TV au Google TV, ambao Google huuidhinisha kwa kila mtengenezaji na kuuchapishia orodha ya washirika wake katika tovuti. Na kuna visanduku vinavyotumia Android ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuiweka katika kifaa bila kuulizwa na yeyote. Kwa nje vinaweza kufanana hadi kwenye rimoti, lakini kwa ndani ni vitu viwili tofauti.

Mwezi Januari 2023, mtaalamu mmoja wa mifumo nchini Kanada alieleza hadharani kuwa kisanduku cha bei nafuu cha aina ya T95, alichokinunua mtandaoni kikiwa kipya, kilikuwa na programu hasidi ndani yake tangu mwanzo. Haikupakuliwa na mtumiaji, ilikuwamo. Mwezi Septemba 2024, kampuni ya usalama wa mitandao ya Doctor Web ilitangaza kugundua programu hasidi nyingine, Vo1d, katika visanduku takriban milioni 1.3 katika nchi karibu 200. Desemba mwaka huo, mamlaka ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, ilikata mawasiliano ya vifaa takriban 30,000 vilivyoambukizwa nchini humo kwa programu iitwayo BADBOX. Tarehe 5 Juni 2025, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, likatoa tahadhari kwa umma kuhusu toleo jipya, BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi New York dhidi ya waendeshaji wa mtandao huo, ikisema vifaa vilivyoathirika vimezidi milioni 10.

Mwananchi anaweza kuuliza: mimi sina siri yoyote katika televisheni, wataniibia nini? Jibu ni kwamba wahalifu hao hawahitaji siri. Wanahitaji anwani ya intaneti ya nyumba yake. Kisanduku kilichoambukizwa hugeuzwa kuwa njia ya kupitishia shughuli za watu wengine: kujaribu nywila zilizoibwa, kufungua akaunti za uongo, kubofya matangazo ili kujipatia fedha. Kwa anayefuatilia kutoka nje, shughuli hizo zinaonekana kutokea sebuleni kwake. Na kwa kuwa zinapita katika intaneti yake, zinatumia data yake, mchana na usiku, televisheni ikiwa imezimwa. Kwa nyumba inayonunua data kwa GB, hiyo peke yake inatosha kukifanya kisanduku cha bei nafuu kuwa ghali.

Dalili zilizotajwa katika tahadhari ya FBI ni rahisi kukumbuka. Kifaa kina jina lisilojulikana. Hakijathibitishwa na Play Protect, ambao ni ulinzi wa Google. Kinatangazwa kuwa kimefunguliwa ili kutoa maudhui ya bure. Kinataka programu zipakuliwe kutoka masoko yasiyofahamika badala ya Play Store. Au muuzaji anamwagiza mteja azime Play Protect ili "chaneli ziingie". Dalili ya mwisho haina maelezo mengine mazuri. Fundi anayezima ulinzi wa kifaa mbele ya mteja amekwisha kueleza anachouza.

Ahadi ya chaneli zote bure ina tatizo jingine la kisheria. Kupokea maudhui ya kulipia bila idhini ya mwenye haki kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Na hata pasipo sheria, chaneli hizo hutoka katika mtambo wa mtu asiyejulikana, ambao huzimwa wakati wowote, mara nyingi siku ya mechi kubwa. Aliyelipa "mara moja" huombwa kulipa tena, au namba ya muuzaji haipatikani.

Kifaa chenye mwenyewe nacho huharibika, lakini kuna pa kuuliza. Mwezi Machi 2025, vifaa vya Chromecast vya kizazi cha pili, vilivyotoka mwaka 2015, viliacha kufanya kazi duniani kote kwa sababu cheti kimoja cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda wake. Google ilituma marekebisho ndani ya siku chache, kwa kifaa kilichokuwa kinakaribia miaka kumi. Kisanduku kisicho na mtengenezaji anayejulikana kingebaki kama kilivyo siku hiyo, na kila tatizo la usalama litakalogunduliwa baada ya kununuliwa litabaki ndani yake. Hii ndiyo sababu ya maana ya kulipa zaidi, kuliko idadi ya GB zilizoandikwa juu ya boksi.

Kwa hapa nchini, vifaa vya mawasiliano vya kielektroniki, vikiwamo vinavyotumia Wi-Fi, vinatakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji iwapo kifaa anachouza kimeidhinishwa, na jibu la kusitasita ni taarifa tosha.

Aidha, kifaa kisinunuliwe kikiwa ndani ya boksi lililofungwa. Kichomekwe dukani katika televisheni na kuunganishwa na intaneti ya simu ya mnunuzi. Mnunuzi afungue mipangilio na kusoma jina la mtengenezaji na toleo la mfumo. Ahakikishe Play Store ipo na inafunguka. Acheze video moja ya YouTube. Na kama ana akaunti ya Netflix, afungue filamu na kutazama iwapo picha ni safi au ina ukungu. Jina la mtengenezaji alitafute katika orodha ya washirika wa Android TV kwa kutumia simu yake, papo hapo kaunta. Zoezi hilo halizidi dakika kumi. Kisha, kabla ya kutumika nyumbani, ubora wa picha upunguzwe katika mipangilio ya kila programu kulingana na kifurushi kilichopo.

Kwa maoni ya mwandishi, kisanduku kinastahili bei yake katika nyumba yenye mambo matatu kwa pamoja: televisheni isiyo janja yenye HDMI, intaneti isiyohesabiwa kwa GB, na kifaa kilichoidhinishwa cha mtengenezaji anayejulikana. Likikosekana la kwanza, kisanduku ni ziada. Likikosekana la pili, ni mzigo wa kila mwezi, na king'amuzi cha kifurushi kidogo kitakuwa nafuu zaidi. La tatu likikosekana, kisinunuliwe hata kwa nusu ya bei.

Kwa wale ambao tayari wana kisanduku wanachokitilia shaka, hatua ya kwanza ni kukitoa katika mtandao wa nyumbani na kuangalia kama matumizi ya data yanapungua. Hatua ya pili ni kubadili nywila za akaunti zote zilizofunguliwa ndani yake, kwa kutumia kifaa kingine. Kurejesha kifaa katika hali ya kiwandani hakusaidii pale programu hasidi ilipowekwa kiwandani au njiani kabla ya kuuzwa, kwani hurejea pamoja na mfumo wenyewe.

Mnunuzi adai risiti ya EFD yenye jina la kifaa na bei iliyolipwa, na ahifadhi picha ya tangazo lililomvutia, kwa sababu matangazo ya mtandaoni hufutwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani (FCC). Suala la ubora wa bidhaa linaweza kufikishwa katika Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na linalohusu huduma ya intaneti yenyewe huanzia kwa mtoa huduma. Mteja asiporidhika na majibu hupeleka lalamiko lake TCRA.